Kutu ya Mwili, Vidonge vya Kopo na Nguvu za Wazee Wetu



Swali moja limetufikia kutoka kwa vikundi kadhaa, na kwa kuwa linagusa pesa za kikundi tumeona afadhali tulijibu hapa ili wote walisome. Kuna watu wanaopita vijijini, hasa siku za soko na zile siku ambazo pesa za wazee za Inua Jamii zimetoka, wakiuza vidonge vya kopo. Wanasema mwili wa mzee umeshika kutu, kwamba ndiyo sababu magoti yamelegea na mikono haina nguvu, na kwamba vidonge vyao vinaosha kutu yote. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa karibu kutoa pesa za mzunguko ili kinunulie wanachama waliopita miaka 60. Kopo moja ni la mwezi mmoja tu, na bei yake ilikaribia ya kuku wawili wanaotaga.

Huyo muuzaji hadanganyi kila neno, na hapo ndipo penye hatari. Kutu anayoitaja iko kweli, na wanasayansi wameichunguza kwa zaidi ya miaka 60. Anachokosea ni dawa. Kwa hivyo kabla mweka hazina hajafungua sanduku, tueleweshane.

Kutu hiyo ni nini?

Mwili hupata nguvu kwa kuchoma chakula, kama jiko linavyochoma makaa. Ndani ya misuli kuna majiko madogo sana, mengi yasiyohesabika, yanayoitwa mitokondria. Ugali na maharagwe tuliyokula huchomwa humo kwa kutumia oksijeni ya hewa tunayovuta, na hapo ndipo tunapopata joto na nguvu za kuinua jembe. Lakini hakuna jiko la makaa lisilorusha cheche. Cheche za jiko la mwili ni chembe za oksijeni zisizotulia, ambazo wataalamu huziita radikali huru. Chembe kama hii imepungukiwa, kwa hivyo hunyakua kwa jirani. Jirani naye akiibiwa huharibika: huenda ni mafuta yaliyo kwenye ngozi ya seli, huenda ni protini ya msuli, huenda ni zile mbegu za urithi zilizo ndani ya seli. Ni oksijeni hiyo hiyo inayokula jembe lililoachwa nje kwenye mvua, ndiyo maana watu husema kutu.

Mwaka wa 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, aliandika kwamba pengine uzee wenyewe unaletwa na cheche hizi zikijikusanya mwaka baada ya mwaka. Tangu wakati huo wazo hili limeuza makopo mengi mno. Lakini watu hawakusikia nusu ya pili ya habari. Mwili haukuachwa bila ulinzi. Unajitengenezea vizima-moto vyake wenyewe, vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukamata cheche kabla hazijaunguza kitu. Kimoja chao kiligunduliwa kazi yake mwaka wa 1969 na watafiti McCord na Fridovich, nacho huitwa superoksidi dismutasi. Jina ni gumu, si lazima mlikariri. La muhimu ni kwamba vizima-moto hivi vinatoka ndani ya mwili, havitoki dukani.

Cheche zikiwa nyingi kuliko vizima-moto, hapo ndipo pana shida, na hali hiyo huitwa mkazo wa oksidesheni. Kwa mtu mzima aliyekaa bila kazi ya mwili kwa miaka, majiko hupungua, yaliyobaki huchakaa na kuvujisha cheche zaidi, na vizima-moto navyo hulegea. Hii ni moja ya sababu za misuli kuisha uzeeni. Si sababu peke yake. Mishipa ya fahamu inayoamuru misuli hufa kidogo kidogo, homoni hupungua, chakula cha protini huwa haba, na zaidi ya yote mtu huacha kutumia misuli yake.

Misuli inavyokwisha

Kwisha kwa misuli kulipewa jina lake na Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, mwaka wa 1989. Aliliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama: sakopenia. Kabla ya hapo watu walisema tu "ni uzee". Mwaka wa 2016 nchi ya Marekani iliipa hali hii namba yake katika orodha ya magonjwa, yaani daktari aweze kuiandika kwenye cheti kama anavyoandika presha au sukari.

Baada ya miaka 50 hivi mtu hupoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya misuli kila mwaka. Mwaka mmoja hutaona kitu. Miaka 20 ikipita utaona paja limekuwa la mtoto. Na nguvu hupungua upesi kuliko nyama yenyewe. Tena nyuzi zinazokonda zaidi ni zile za haraka, zinazokushika unapojikwaa kwenye kisiki. Mzee mwenye miguu ya namna hiyo anaweza kutembea polepole hadi kanisani na kurudi bila shida, lakini siku akiteleza kwenye matope hana cha kumshika. Anavunjika nyonga, na wengi wenu mnajua nyumba ambayo maisha yake yalibadilika tangu siku ile mzee alipovunjika nyonga.

Tuseme wazi pia jambo ambalo watu huona haya kulisema. Choo cha kijijini ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mzee asiyeweza kuinuka kutoka pale chini atahitaji mtu wa kumshika mkono. Ni nani huyo? Mke wa mwanawe? Katika jamii zetu nyingi hilo haliwezekani kabisa, mkwe haingii huko. Tumekuta wazee, wanaume kwa wanawake, wanaojinyima maji na chakula mchana kutwa ili wasiende choo mpaka giza liingie na mjukuu arudi kutoka shule. Halafu tunashangaa kwa nini shosho anakonda na mkojo unamchoma. Huo ni udhaifu wa paja na goti, basi. Na paja linaweza kurudishiwa nguvu.

Wanaoharakisha udhaifu huu mara nyingi ni sisi wenyewe watoto, tena kwa mapenzi. "Mama, wacha hiyo. Keti, umefanya kazi ya kutosha." Tunamnyang'anya jembe, tunamnyang'anya mtungi, tunamtolea kiti chini ya mwembe. Anayempikia ni mwingine, anayemchotea maji ni mwingine. Baada ya miaka mitatu hawezi kuinuka kwenye kile kiti tulichompa. Hatusemi mama wa miaka 75 abebe mzigo wa kuni wa kuvunja mgongo. Huo si mazoezi, hiyo ni adhabu, na vikundi vingi vilianza jiko la kuokoa kuni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kati ya mzigo wa kuni na kiti cha mwembeni kuna nafasi kubwa ya kufanya kazi.

Sasa mazoezi hayaongezi cheche?

Mwanakikundi mmoja mwerevu alituuliza hivyo, na ni swali la maana sana. Kama jiko linarusha cheche, si ukilichochea litarusha zaidi? Ndiyo, litarusha zaidi. Watafiti huko California walipima jambo hili mwaka wa 1982 kwa panya waliokimbizwa mpaka wakachoka kabisa, wakakuta radikali huru kwenye misuli na maini zimeongezeka mara mbili hadi mara tatu. Wakati huo watu wengine walianza kuogopa: kumbe mazoezi yanatuunguza!

Lakini fikirini mkono wa mtu anayeanza kulima. Siku ya kwanza jembe linampa malengelenge. Akiacha kabisa, ngozi yake itabaki laini, na kila msimu atalia. Akirudi tena kidogo kidogo, mkono unaota sugu na haupasuki tena. Ni hivyo hivyo ndani ya msuli. Cheche za kiasi, zinazokuja kwa muda mfupi halafu zikatulia, ni kama kengele. Mwili ukisikia kengele unajenga vizima-moto zaidi, unajenga majiko mapya, na unaimarisha msuli. Mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara ana vizima-moto vingi kuliko aliyeketi. Zile cheche mbaya ni za jiko bovu linalovuja usiku na mchana bila kukoma, kama moshi wa jikoni kusiko na dirisha.

Hapo ndipo vidonge vinapoingia, na hapo ndipo tunapotofautiana na muuzaji. Vidonge vya aina hii huitwa antioksidanti, na mara nyingi ndani yake mna vitamini C na vitamini E kwa vipimo vikubwa. Ukimeza vingi unazima cheche kabla mwili haujasikia kengele. Ujerumani mwaka wa 2009 mtafiti Michael Ristow na wenzake waliwafanyisha mazoezi vijana wanaume kwa wiki 4. Nusu yao walimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku, nusu hawakumeza. Wale ambao hawakumeza, miili yao ilijifunza kuitumia sukari vizuri zaidi, na vizima-moto vyao viliongezeka. Wale waliomeza hawakupata faida hiyo.

Mtasema hao ni vijana. Haya, mwaka wa 2016 huko Norway wanaume 34 wa miaka 60 hadi 81 walifanya mazoezi ya kuinua vitu vizito kwa wiki 12. Nusu walipewa vitamini C na E za kipimo kikubwa, nusu walipewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Nguvu ziliongezeka kwa wote, tusifiche hilo. Lakini nyama ya mwili iliongezeka kwa asilimia 3.9 kwa wale wa vidonge vitupu, na asilimia 1.4 tu kwa wale wa vitamini. Yaani mzee alilipia kopo ili apate kidogo zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho angepata bure.

Na kuna onyo kubwa kuliko hilo. Finland ilichapisha mwaka wa 1994 matokeo ya wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ndiyo ile rangi ya karoti, waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wengine kwa asilimia 18. Karoti yenyewe haikumdhuru mtu. Ilikuwa ni kidonge.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Hatuzungumzi juu ya vidonge mlivyopewa dispensari. Mama mjamzito aendelee na vidonge vyake vya damu. Mtoto apewe vitamini A kliniki. Anayetibiwa TB akipewa vitamini B6 aimeze, kwa sababu dawa ya TB humaliza vitamini hiyo na miguu ikaanza kuchoma. Tunazungumzia makopo ya barabarani yanayouzwa kwa mtu ambaye hakupimwa na mtu yeyote.

Na kama ni vitamini C mnataka, panda mpera. Shirika la Afya Ulimwenguni na lile la Chakula na Kilimo yalipendekeza mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Pera moja la kawaida linatoa zaidi ya hizo. Papai, embe, sukuma wiki ambayo haikupikwa ikalala, managu, terere, zote zina vizima-moto vyake, tena kwa vipimo ambavyo havizimi kengele ya mwili.

Wazee wa miaka 90 walioinua vyuma

Watu wengi huamini misuli ikishaisha imeisha. Mwaka wa 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walitoa taarifa iliyowashangaza madaktari. Walichukua wazee 10 dhaifu kutoka nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi ya miguu ya kuinua vyuma mara 3 kwa wiki kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nyama ya paja ilinenepa kwa asilimia 9. Hao ni watu ambao wengi wetu tungewaambia wakae tu wasubiri.

Mwaka wa 1994 walirudia jambo hilo na watu 100, wastani wa umri miaka 87, kwa wiki 10, na mara hii wakaongeza kinywaji cha lishe kwa baadhi yao. Waliofanya mazoezi nguvu zao zilipanda kwa asilimia 113, ambao hawakufanya asilimia 3 tu. Na wale waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi? Udhaifu wao haukupungua. Tunalisisitiza hili kwa sababu kuna watoto wazuri walio mjini wanaotuma pesa za maziwa na nyama kila mwezi, na baba bado anadhoofika. Maziwa bila kazi hayawi misuli.

Siri ya wale wazee wa Boston ilikuwa uzito. Hawakupunga mikono hewani. Waliinua kitu ambacho kwao kilikuwa kizito kwelikweli, na walipopata nguvu kikaongezwa. Vyuma hatuna, lakini kila nyumba ina mtungi wa plastiki. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa lita 5 ni mzani na chuma kwa pamoja: wiki hii tia lita 2, ukiona umeinua mara 12 bila jasho, tia ya tatu.

Kikundi kianzeje

Anzeni kwa kupimana. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono ya kushikia, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee aketi, akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa na kuketi tena mara 5 upesi awezavyo. Mwingine ahesabu kwa saa ya simu. Ikipita sekunde 15, au akishindwa bila kushika kitu, miguu imeanza kulegea. Kipimo hiki ndicho wanachokitumia madaktari wa Ulaya. Katibu aandike jina, tarehe na sekunde kwenye daftari ya kikundi, palepale kwenye ukurasa wa mahudhurio. Mkipima tena baada ya miezi mitatu, zile namba zitazungumza kuliko sisi.

Halafu kipimo chenyewe kinageuka kuwa zoezi. Kusimama na kuketi mara 8 hadi 10, pumzika uvute pumzi, rudia, halafu tena. Asiyeweza aanze na kiti kilichoinuliwa kwa mfuko wa nafaka, au ajisukume kwa mikono kidogo. Anayeona ni rahisi ashike mtungi kifuani, au ahamie kwenye kigoda kifupi, maana kigoda ndicho kinachokaribia choo. Ongeza kusimama kwa vidole vya miguu huku umeshika ukuta. Ongeza kuusukuma ukuta kwa mikono kama unayezuia nyumba isianguke. Ongeza kuinua mtungi kutoka kiunoni hadi begani. Na kwa ajili ya kutoanguka, tembeeni juu ya mstari uliochorwa chini, kisigino kikigusa vidole, na mtu awe kando tayari kushika.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima afanye mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Aliyepita miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha kwa siku 3 au zaidi. Mkikutana mara moja kwa wiki, fanyeni dakika 20 kabla ya kuhesabu pesa (baada ya kuhesabu pesa kila mtu hukimbilia nyumbani, tunawajua). Siku zile nyingine mbili kila mtu afanye kwake, na mjukuu amhesabie.

Kuna mtu atasema: mimi nalima, nakamua, napanda mlima kila siku, mazoezi ya nini? Kama bado unafanya hayo yote, endelea, umeshawashinda wengi wa mjini. Lakini jipime na kile kiti. Kazi ya shamba huja kwa msimu, na miezi ya kiangazi wengi huketi. Tena kuna kazi zinazochosha mgongo na mikono huku paja likibaki vilevile. Wazee wanaume nao wana shida yao. Amestaafu kazi, anashinda kituoni au kwa duka na gazeti, na ukimwambia habari ya mazoezi anasema hayo ni ya watoto wa shule. Kwa huyo usiseme mazoezi. Mwombe afundishe vijana ngoma. Wale waliocheza mwomboko ujana wao wanajua: hatua mbili halafu unakunja magoti, hatua mbili unakunja. Nusu saa ya hiyo, paja litaeleza lenyewe.

Tahadhari. Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi akiwa ameketi, mwenye kizunguzungu, mwenye presha isiyotulia, mwenye ngiri au aliyepasuliwa karibuni, aone kwanza mhudumu wa afya. Wakati wa kuinua usizuie pumzi, toa pumzi unapoinua. Ukiwa unatembea uweze kuongea lakini usiweze kuimba, hicho ndicho kiasi. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Kiungo kuvimba au kuchoma kama kisu si kawaida, acha zoezi hilo.

Sahani ya mzee

Mtu mzee anahitaji protini kuliko kijana, kwa sababu msuli wake ni mgumu wa kusikia. Wataalamu wengi sasa wanasema gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kila siku. Mama wa kilo 60 anataka gramu 60 hadi 72. Sasa hesabuni anachokula: asubuhi chai na mkate, mchana ugali laini na mchuzi, jioni uji. Nyama amewapa wajukuu. Hafiki hata nusu, mara nyingi.

Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa kina 8. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina karibu 15. Omena kavu ni protini karibu nusu ya uzito wake au zaidi, na haihitaji friji. Kama meno hayapo, pondeni maharagwe na ndengu, sagieni omena au njugu kwenye unga wa uji, na mpikeni uji kwa maziwa. Gawanyeni protini mara tatu kwa siku kuliko kuirundika jioni. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze bila kumuuliza daktari.

Kile kikundi cha akina mama, hesabu yao ilikuwa makopo 11. Pesa hiyo hiyo ingewapa kuku 22, na kuku hata akitaga siku moja na kupumzika moja, hayo ni mayai 11 kwa siku. Hatukuongeza neno, tuliwaachia kalamu. Gharama ya chakula cha kuku na chanjo ya mdondo waliiweka wenyewe, na walivyofanya kura hatukuwa ndani ya chumba.

Mzee akilala hospitali

Tusilisahau hili kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani watu 12 wazima wa afya, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu za miguu zikapungua kwa asilimia 16. Sasa mwongezee huyo nimonia au malaria, na siku ziwe 14, na chakula kiwe supu tupu. Anarudi nyumbani hawezi kusimama, tunasema ugonjwa umemmaliza. Ugonjwa umefanya kazi yake, lakini kitanda nacho kimefanya yake.

Kwa hivyo anayemwangalia mgonjwa wodini amuulize muuguzi: anaruhusiwa kuketi? anaruhusiwa kusimama? Akiruhusiwa, aketi kwa kila mlo, miguu ikining'inia. Akiwa amelala apinde na kunyoosha vifundo vya miguu, akaze paja na kuhesabu hadi 5, ainue mguu mmoja mmoja, mara 10, asubuhi na mchana na jioni. Mleteeni yai na maziwa, si soda na mkate peke yake. Siku anaporudi nyumbani msimtandikie kitanda cha mchana. Mwekeeni kile kiti kigumu mlangoni, na wanakikundi wanapokuja kumjulia hali, wa kwanza amshike mkono wasimame pamoja mara 3. Atakayekuja kesho wasimame mara 4. Katibu aje na daftari.